Unaonaje, Nitapata?

Wanaingia na bahasha za kaki,
wengine na karatasi iliyokunjwa mara nane,
imetoka kwenye sidiria ya mama ikiwa bado na joto,
na kabla sijauliza jina wananiuliza wao:
Unaonaje, nitapata?

Steshenari yetu iko Igoma, chumba kimoja,
mashine ya kopi inayokohoa,
kompyuta mbili, moja haina herufi M,
ukiitaka unaikopa kwenye neno lingine.
Bei iko ukutani: kuomba chuo, elfu tano.
Kukadiria bahati hakukuandikwa.
Hilo nalifanya bure,
kama mtu anavyokuna kidonda.

Nimekuwa mzoefu. Naangalia alama
kama wanunuzi wa mwaloni wanavyoangalia sangara,
kidole kwenye shavu, jicho kwenye jicho:
huyu wa kiwandani, huyu wa kukaanga,
huyu angerudi majini, hajafika kipimo.
Fizikia D, Kemia C, Baiolojia B.
Najumlisha kimoyomoyo, pointi tisa,
halafu natazama feni
ili uso wangu usitangulie kusema.

Bulugu wa Kisesa nilimwambia,
"Uhandisi? Hebu jaribu ualimu."
Sasa yuko mwaka wa pili, uhandisi wa maji,
akija likizo ananunua kalamu moja kwangu
na hasubiri chenji.
Nyamizi nilimwambia, "Wewe lala usingizi."
Akalala.
Ikapita awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Anasuka nywele mtaa wa nyuma,
na nikipita, macho yake
yanazama kwenye kichwa cha mteja.

Juu ya nyumba yetu Bugarika kuna jiwe
limekaa juu ya jiwe lenzake,
vimegusana kwa upana wa sinia.
Tangu sijazaliwa watu wanalipigia hesabu.
Alikuja fundi mmoja na kamba, akapima,
akafumba jicho moja, akasema: miaka miwili.
Fundi tulishamzika.
Bibi bado anaanika udaga chini yake.

Leo amekuja Ng'washi na mama yake, kutoka Igombe.
Mama ana magamba ya dagaa kwenye kucha,
binti ana pointi tisa na neno moja: udaktari.
Mama hajui kusoma. Anausoma uso wangu.
"Sema, mwalimu."
Mimi si mwalimu.
"Nafasi ni chache," nikasema, "na wanaoomba ni wengi."
"Hata dagaa ni wengi, na karabai ni moja.
Mbona wanaifikia?"
Nilitaka kumuuliza kinachowapata wakishaifikia.
Nikavuta kiti.

Namba ya mtihani.
Nikibonyeza S tu, kompyuta inaleta ya kwangu,
ya miaka minne iliyopita, inaikumbuka,
hakuna aliyeiambia isahau.
Kila ninayemwombea chuo
lazima kwanza nijifute.

Chaguo la kwanza? Udaktari.
La pili? Udaktari, chuo kingine.
La tatu, akamtazama mama yake,
mama akatazama barabarani.
"Uuguzi," nikasema polepole.
"Andika," akasema Ng'washi,
"ila kwa herufi ndogo."

Umeme ukakatika kabla sijatuma.
Tukakaa. Mashine ikanyamaza,
tukasikia mchomeleaji wa jirani akitukana waya.
Mama akafungua kipochi, akanihesabia elfu tano
kwa noti laini zinazonuka ziwa,
moja moja, juu ya kibodi isiyo na M.
Halafu akauliza, bila ubaya,
kama mtu anayeulizia njia:
"Na wewe, mwanangu, ulipata?"

Feni ilikuwa imesimama.
Niliitazama hivyo hivyo.